Nilivyowatembeza Wazee Ufaransa Bila Kutoka Quakers Hill

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza wazee mtaambiwa mengi siku ya mafunzo. Mtaonyeshwa video ya kunawa mikono, mtajibu maswali kumi kwenye kompyuta, mtapewa fulana yenye nembo. Hakuna atakayewaambia kwamba kabla ya kumpandisha bibi wa kilo themanini hadi kwenye kasri, lazima kwanza umpeleke choo. Mimi nilijifunza hilo nikiwa katikati ya mlima. Mlima wetu ulikuwa njia ya gari la wagonjwa, nyuma ya nyumba ya wazee niliyofanyia kazi, Quakers Hill.

Naitwa Spéciose. Kwetu Burundi ni jina la kawaida kabisa. Hapa Sydney walilivunja mguu wakaniita Special, na Waafrika wenzangu wakaona heri Mama Spesi. Nilitunza wazee miaka kumi na minne. Nusu ya kwanza nilikuwa naogesha na kulisha, nusu ya pili nikawa mtu wa shughuli, yaani yule anayechezesha bingo, anayeimbisha na kuwatoa wazee nje wakaone jua. Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Doonside. Magoti yamegoma, mdomo bado unafanya kazi, basi nisikilizeni.

Nianze na uongo, maana ndio ulionipa umaarufu. Zamani tulikuwa tunawapakia wazee kwenye basi dogo tunawapeleka ufukweni, wanakula chipsi na kuwatukana ndege wanaozidokoa. Ilipokuja Corona basi likapigwa kufuli. Wageni wakakatazwa kuingia, tukawa tunafanya kazi tumefungwa barakoa, miwani na aproni za plastiki, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimekuja kuua mchwa. Meneja wetu akabuni mpango: kila wiki tutasafiri nchi moja bila kutoka. Wiki ya Italia tulikula tambi. Ikaja zamu ya Ufaransa, akaniita ofisini.

"Special, you speak French, don't you? So you know France?"

Kifaransa nilikisoma sekondari, Gitega. Baadaye nikakaa miaka mingi kambini Tanzania, upande wa Kigoma, nikiwafundisha Kifaransa watoto waliotaka Kiswahili. Ufaransa yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye karatasi ya jibini.

"Very well," nikamjibu. Msinicheke. Hata nyinyi mmeandika kwenye CV kwamba mnaijua Excel.

Meneja alikuwa amechapisha kurasa mbili za mtandaoni kuhusu mji mdogo wa mashambani, wa kale, kwa sababu bibi mmoja wa pale, Madame Solange, aligoma kupelekwa Paris. "Paris kila mtu anakwenda," alisema. "Nipelekeni kwetu." Jina la mji huo sitalitaja, kwa kuwa kuna mtu pale ambaye hapendi wageni, na mtamjua baadaye. Kurasa zilisema kuna kasri juu ya kilima, daraja la mawe, soko lenye paa la mbao, mitumbwi mtoni, na njia ya baiskeli mahali ilipokuwa reli. Hiyo ilinitosha kama dakika nne, na ratiba ilisema dakika arobaini na tano.

Sasa mtu akiishiwa na Ufaransa anafanyaje? Anaongeza ya kwao. Niliwaambia wazee, wamekaa mita moja na nusu kila mmoja na mwenzake, kwamba ukinunua maharage katika soko lile muuzaji anakuongezea konzi ya bure, na asipokuongezea mnagombana. Kwamba mgeni akifika, kwanza anaulizwa ng'ombe wake hawajambo. Kwamba jioni watu wazima wanazunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, wanavuta mpaka mambo yote ya kijiji yaishe. Bwana Keith, dereva wa treni mstaafu, akauliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi. Wakanipigia makofi. Nikavimba kichwa.

Madame Solange peke yake hakupiga makofi. Alikuwa na miaka themanini na tisa, mwembamba, rangi ya mdomo imepakwa vizuri ingawa barakoa inaificha. Aliinua kidole kimoja, akasema nami kwa Kifaransa ili wengine wasielewe. Huko ndiko kuheshimiana.

"Madame, mimi nimezaliwa katika mji huo. Kwetu hakuna anayekunywa chungu kimoja na mwenzake. Hata padri tulimpa glasi yake, tena ndogo. Huo mji wako ni mzuri zaidi. Uko wapi?"

"Gitega," nikasema.

"Bon. Kesho saa kumi njoo chumbani kwangu. Utafundishwa."

Nikafundishwa kweli. Aliupanga mji wote juu ya sinia ya chakula. Boksi la tishu lilikuwa kasri, skafu yake ilikuwa mto, chanuo likawa daraja, na kikombe cha meno ya bandia kikawa kanisa. Alinishika kidole changu akakitembeza: ukitoka kanisani, kushoto duka la mikate, halafu pampu ya maji yenye mpini uliopinda, halafu nyumba ya daktari mlevi, halafu daraja. Nikikosea ananirudisha kanisani. Alinikataza kuanza na mwaka kasri lilipojengwa. "Anza na mtu," aliniambia. "Sema bwana wa kasri alijenga mnara akasahau choo, mkewe akarudi kwao." Nilijaribu hadithi hiyo ukumbini na wazee waliokuwa wanasinzia wote wakafumbua macho.

Tukauhamishia mji nje. Maegesho ya magari yakawa uwanja wa mji, mapipa ya takataka yakawa soko, dirisha la jikoni likawa duka la mikate. Mwinuko wa gari la wagonjwa ndio uliokuwa kasri. Pale ndipo nilipojifunza kusukuma. Mlima unapandwa ukiinama kidogo, mikono imenyooka, na unateremka kinyumenyume, wewe mbele ya hatari na mzee akitazama alikotoka. Wengi mnateremsha kiti uso mbele kwa sababu mna haraka ya kwenda kunywa chai, mzee anakwenda kuokotwa kwenye maua. Na mkiwa mmevaa barakoa simameni kwenye mwanga, semeni na nyusi, kwa sababu nusu ya wazee husikia kwa kutazama midomo yenu.

Siku ya mitumbwi nilipanga viti sita mstari mmoja kwenye ukumbi, kila mtu na ufagio wa kupigia deki, mkavu, tukapiga makasia tukiimba. Akaingia Wanjiru, muuguzi wa zamu, Mkenya, msichana mwenye akili na ulimi.

"Aki Mama Spesi, hii ni nini sasa? Nani amesign risk assessment ya hii kitu?"

"Mto hauna maji, mwanangu."

"Basi andika hivyo kwa form. Na huyo Keith avae life jacket, ako na fujo."

Keith ndiye aliyenitesa siku ya baiskeli. Nilimwekea ile mashine ya kukanyagia ya mazoezi, nikamweleza kwamba hapo zamani palikuwa na reli, wakaing'oa ili watu wapite na baiskeli. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote! Aliweka miguu chini, akatangaza mgomo. "They ripped up the bloody rails?" Mpaka chakula cha mchana hakusema na mtu. Mgomo uliisha ilipoletwa keki.

Mwaka wa pili kufungiwa kukawa kukali zaidi, hasa kwetu huku magharibi. Kilomita tano tu kutoka nyumbani, na helikopta za polisi juu. Alasiri moja tuko kasrini tunakula jibini, moja ikapita chini chini. Keith akaipungia kisahani, akapiga kelele, "We're in France, mate!" Helikopta ikaenda zake. Nadhani waliandika mahali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila tulipomzungusha Madame Solange mji wote, tukifika darajani alikuwa anasema, "Hapa geuza." Daraja letu lilikuwa tuta la rangi ya manjano linalopunguza mwendo wa magari. Baada ya hapo ardhi inateremka hadi kona ya chini ya maegesho, penye mtaro. Siku moja nikamuuliza kwa nini hatushuki.

Akaniambia kwamba chini ya daraja la kwao, kando ya mto, kulikuwa na kibanda cha wanawake cha kufulia nguo. Alipoolewa na mtu wa Australia, mdogo wake, Odile, aliapa hatamuaga. Asubuhi ya safari Odile akabeba mashuka akashuka kwenye kibanda. Solange akasimama darajani na sanduku lake, akamwita mara tatu. Kimya. Akaenda zake kupanda treni. Tangu siku hiyo wakawa wanaandikiana kadi za Krismasi, habari za mvua na za waliokufa, basi. Miaka ikaliwa na watoto, na mume mgonjwa, na kiburi. Mwishowe, uzeeni, akakata tiketi ili ashuke kwenye kile kibanda amuage mdogo wake. Corona ikafunga anga.

"Tiketi ninayo," alikuwa anasema. "Ndege ndiyo sina."

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alishasema, na korido nzima tulijua kwamba ndege haitamkuta. Niliumia, nawaambieni ukweli. Mimi pia nina watu niliowaacha bila kuaga, na sisi tulikimbia, hatukupata hata nafasi ya kugombana.

Tukapanga hivi. Odile hakuwa na simu ya picha, lakini jirani yake, mwanamke wa duka la mikate, alikuwa nayo. Saa kumi na moja jioni kwetu ni saa tatu asubuhi kwao. Odile atatembea mji wa kweli na fimbo yake, jirani ameshika simu. Wakati huohuo mimi nitamsukuma Solange kwenye mji wetu, tableti imefungwa kwenye mkono wa kiti. Wataanzia kanisani wote wawili, washuke kwenye kibanda wote wawili, waagane. Solange akaacha kulala mchana kwa furaha. Akaanza hata kumaliza supu.

Siku tatu kabla, yule wa mikate akanitumia ujumbe wa sauti. Kibanda hakipo. Kilivunjwa miaka mingi iliyopita, pakamwagwa lami. Odile hakuwahi kumwandikia dada yake habari hiyo, na sasa analia, hataki aambiwe.

Kwetu mtu mzima harushiwi habari mbaya usoni. Akifa mtu, unaambiwa anaumwa. Halafu unaambiwa anaumwa sana. Unalishwa kwanza, wanakuja watu wazima kukaa nawe, na habari inafika ikiwa imeshakuzunguka mara mbili. Nililelewa hivyo na naona ni adabu. Basi nikamwambia wa mikate: msimame darajani, semeni barabara ya chini imefungwa. Waagane hapo hapo.

Wanjiru hakupenda. "Mama Spesi, mwambie tu. Ni mtu mzima, she's got capacity, anaweza kujiamulia. Imeandikwa kwa file."

"Faili haina moyo mgonjwa."

"Na akijua ulimdanganya?"

"Atajuaje?" Mimi nilisema hivyo, mimi niliyemlisha Mfaransa hadithi ya mrija akanikamata kwa dakika arobaini na tano.

Siku ikafika. Baridi ya Agosti, jua linakwenda zake. Nilimpeleka choo, nikamvika koti, kofia, blanketi miguuni. Tukaanza kanisani, yaani mlango mkuu. Kwenye tableti Odile akatokea, mfupi, mwenye hasira, amevaa kofia inayofanana na ya dada yake. Hawakusalimiana, walianza kubishana.

"Unatembea upesi mno," Solange akasema.

"Wewe unasukumwa, nyamaza."

Tukapita duka la mikate, na dirishani mpishi wetu akatupungia mwiko. Tukapita pampu. "Mpini bado umepinda?" "Bado." Nyumba ya daktari mlevi sasa ni ya daktari wa meno. Odile akasogeza uso kwenye simu, akaniuliza kwa ukali, "Wewe, mgeni, baada ya hapa kuna nini?"

"Ngazi tatu, Madame, ya katikati imevunjika, halafu daraja."

"Huyu ni wa kwetu," Solange akamwambia. Nilitaka kulia, lakini ukilia ndani ya miwani ya plastiki huoni unakosukuma.

Tukafika darajani. Odile akasimama. Akatazama pembeni akasema barabara ya chini imefungwa.

"Imefungwa na nani?"

Nikaokoa jahazi. "Ni Corona, Madame."

Solange akageuza shingo, polepole, akanitazama. "Corona imefunga njia ya mtoni na kuacha duka la mikate wazi? Spéciose, unatazama juu kama siku ile ulipotudanganya habari za pombe."

Nikazunguka mbele ya kiti, nikapiga magoti yangu haya mabovu kwenye lami, nikavuta barakoa chini, jambo lililokatazwa, ili aone mdomo.

"Kibanda hakipo, Madame. Kilivunjwa. Nilijua tangu Jumatano. Nilikuficha."

"Tangu Jumatano," akasema. "Nimekula supu tatu za uongo."

"Ndiyo, Madame."

"Mimi ni mzee, Spéciose. Habari mbaya nimezizoea kuliko wewe. Uliogopa moyo wangu, au uliogopa kunitazama?"

Ndipo sauti ya Odile ikatoka kwenye tableti, ndogo. "Solange, kuna lingine. Walipopiga kura ya kukivunja, mimi nilinyoosha mkono. Magoti yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nimechoka kuegesha gari mbali na mkate."

Nilimtazama Madame Solange usoni. Niliwaza moja kwa moja: sasa moyo unasimama, na Wanjiru ataandika jina langu kwenye ripoti. Akavuta pumzi. "Mkate wenyewe mzuri?"

"Mzuri."

"Basi shuka, Odile. Nami nashuka."

Nikageuza kiti, nikateremka kinyumenyume, taratibu, na kule upande wa pili fimbo inagonga lami, tak, tak. Tukafika kwenye mtaro, karibu na gari la Wanjiru na pipa la kadibodi. Kwenye tableti tukaona mistari myeupe, gari la mfanyakazi wa mabomba, na mto nyuma yake.

"Niko kwenye maegesho ya magari," Odile akasema, analia.

Solange akaigeuza tableti, akamwonyesha gari la Wanjiru, pipa, mtaro. "Na mimi."

Wakaangua kicheko. Bibi wawili, pande mbili za dunia, wanacheka mpaka wanakohoa, na mimi nashika kiti kisikimbie. Kikaisha. Odile akajifuta.

"Siku ile nilikuwa hapa chini. Nilikusikia unaniita."

"Najua. Niliyaona mashuka kwenye maji. Nilikuwa na nafasi ya kushuka, sikushuka."

Baridi ilikuwa inaingia, na ratiba ilisema chakula saa kumi na moja na nusu, lakini sikugusa kiti. Kisha Odile akanyoosha mgongo, akasema kama mtu anayemfukuza mtoto mlangoni.

"Haya, nenda sasa. Treni itakuacha."

"Kwaheri, Odile."

"Kwaheri, dada."

Madame Solange alifariki kabla ndege hazijaanza kuruka. Nilimvika mimi, nikampaka rangi ya mdomo, bila barakoa.

Adabu ya kwetu sijaitupa, vijana. Habari mbaya ninayo, nakulisha kwanza. Lakini ukishamaliza kula nakwambia, siku hiyo hiyo, nikikutazama. Meneja alinirudishia fomu ya jioni ile. Penye mahali palipotembelewa nilikuwa nimeandika maegesho ya magari, akataka maelezo zaidi. Sikuongeza kitu. Odile ananipigia mpaka leo, Jumamosi, akitoka kununua mkate, hasa kuwalalamikia watalii. Juzi aliniuliza nitakwenda lini kuuona mji. Nikamwambia mji ninaujua, nyumba kwa nyumba.

"Najua unaujua," akasema. "Lakini njoo, na uje mapema. Pale chini naweza kukuwekea nafasi ya gari mpaka saa tatu tu, kabla watalii hawajapajaza."